Koilova kwa barabara zetu: pima nafasi ya gurudumu kabla ya kushusha gari

Kila nikiegesha Subaru Impreza yangu, niliyoifunga koilova (springi na shokapu zilizounganishwa, zenye urefu unaorekebishika), mahali penye vijana wa magari, swali la kwanza huwa lilelile: "Kaka, hizo koilova za kampuni gani?" La pili: "Umeshusha kiasi gani?" Nawajibu, halafu na mimi nauliza langu: gurudumu lako la mbele likikuta shimo, linaweza kushuka milimita ngapi kabla springi haijaishiwa nguvu ya kulisukuma? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo, na siwalaumu, maana hakuna duka linaloandika namba hiyo kwenye boksi. Ila kwa mtu anayezunguka Dar es Salaam wiki nzima na likizo akapandisha Kitonga kwenda Iringa, namba hiyo ni muhimu kuliko jina la kampuni, rangi ya springi au idadi ya hatua za kitasa cha juu cha kukaza na kulegeza shokapu. Haya nayaandika kwa ajili ya yule anayeweka akiba sasa hivi anunue seti yake ya kwanza. Hela hiyo ni nyingi, na inauma kuiona ikiishia kwenye gari linalogonga kila tuta.

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya tuta kupita. Koilova imeviunganisha vyote viwili: springi imevishwa juu ya shokapu, na mwili wa shokapu umechongwa uzi kama wa bolti ili ringi inayoishikilia springi kwa chini iweze kupandishwa au kushushwa. Kwenye Impreza za kati ya mwaka 2000 na 2007, kama yangu, springi imevishwa juu ya shokapu mbele na nyuma tangu kiwandani. Ni mtindo wa MacPherson, uliobeba jina la mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson, Ford ya Uingereza iliuonyesha kwenye Consul mwaka 1950, na leo umejaa kwenye magari tunayopishana nayo barabarani. Kwa gari la namna hii, koilova inakuongezea uwezo wa kurekebisha urefu na uhuru wa kuchagua springi. Gari dogo lenye boriti inayounganisha magurudumu ya nyuma, kama Vitz, lina springi ya nyuma inayokaa peke yake na shokapu peke yake. Seti yake bado inauzwa kwa jina la koilova, kwa hiyo usishangae ukifungua boksi ukakuta vipande vya nyuma vimetengana.

Sasa namba. Seti za Kijapani huandika ugumu wa springi kwa herufi K: 8K maana yake ni kilo 8 kwa kila milimita inayobonyea. Ukiweka kilo 80 juu yake, inashuka milimita 10. Hesabu yote iliyobaki inatoka hapo, lakini inahitaji kitu kimoja ambacho watu hawana, nacho ni uzito wa gari lao mbele na nyuma. Mimi nilikwenda kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, nikapandisha ekseli ya mbele peke yake, kisha gari zima, nikiwa nimekaa kwenye usukani na tangi limejaa. Mbele ikatoka kilo 840, nyuma 610. Gawa kwa mbili, kisha toa uzito wa vitu visivyobebwa na springi, yaani rimu, tairi, breki na sehemu ya mikono ya chini inayounganisha gurudumu na bodi. Kwa gari la ukubwa huu nikatoa kilo 45 kwa kila gurudumu la mbele na 40 kwa la nyuma. Nikabaki na kilo 375 juu ya kila springi ya mbele na 265 juu ya kila springi ya nyuma.

Chukua springi ya 8K, ambayo ni namba ya kawaida sana kwenye seti za mbele. Kilo 375 gawa kwa 8 ni karibu milimita 47. Hapo ndipo springi inapokaa gari likiwa limesimama tu. Gurudumu likikuta shimo, springi ina milimita 47 za kulisukuma chini, basi. Shimo likiwa na kina zaidi ya hapo, gurudumu linabaki linaning'inia, kona nzima ya gari inaanza kuanguka, kisha ukingo wa pili wa shimo unalipokea tairi kwa kishindo. Kile kishindo ambacho watu husema "springi ni ngumu mno" mara nyingi kimeanzia kwenye gurudumu lililokosa kushuka. Springi ya 5K kwenye gari hilohilo inakaa milimita 75. Umepata karibu sentimita tatu za ziada za kufuata barabara, na kwenye barabara ya mtaani iliyochimbwa na mvua za masika, sentimita tatu ni kitu kikubwa.

Hapa kuna jambo nalisikia gereji nyingi na linanisumbua. Mtu analalamika gari ni laini, fundi anashika ringi ya springi anaikaza zaidi, anasema sasa imekuwa ngumu. Ringi haibadilishi ugumu wa springi ya kawaida, ambayo ugumu wake ni uleule mwanzo hadi mwisho. Springi ya 5K itabaki 5K hata ukiikaza mpaka mikono iume. Ulichofanya ni kupandisha gari, na kwa kuwa springi imeshabanwa kabla ya kupokea uzito, nafasi ya gurudumu kushuka imepungua kwa milimita zilezile ulizokaza. Ndiyo maana napenda koilova ambayo mwili wake unajifunga ndani ya kikombe cha chini kwa uzi wa pili. Urefu wa gari unaurekebisha huko chini, springi unaiacha ilivyo, na nafasi ya kupanda na kushuka ya shokapu haiguswi. Ukikuta seti mbili zinazokaribiana bei, moja ina uzi huo wa chini na nyingine ina vitasa vyenye hatua nyingi, chukua yenye uzi.

Usinakili namba za rafiki yako. Altezza ina mikono miwili kila upande mbele, na springi inasukuma mkono mahali fulani kati ya bodi na gurudumu. Tuseme gurudumu likipanda milimita 10 springi inabonyea 7. Springi ya 10K hapo inafika kwenye gurudumu kama 4.9K, kwa sababu uwiano huo unazidishwa mara mbili: 0.7 mara 0.7. Kwenye Impreza yangu springi inasafiri karibu sawa na gurudumu, kwa hiyo 10K ni karibu 10K kweli. Magari mawili, namba moja kwenye boksi, na mmoja kati yenu ataharibu mgongo.

Nyuma nako kuna hekima ya zamani. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors mwaka 1930, alichunguza kwa nini baadhi ya magari hupiga kichwa mbele na nyuma kama yanaitikia, na mengine hutulia. Aligundua kwamba nyuma ya gari inatakiwa iwe na mdundo wa kasi kidogo kuliko mbele. Sababu yake inaeleweka: tuta linagonga mbele kwanza, nyuma inachelewa, na ikiwa mdundo wake ni wa kasi zaidi itaiwahi mbele, gari lote likae sawa mapema. Mdundo wenyewe, yaani bodi inapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde, unakadiriwa kwa kugawa 15.8 kwa kipeuo cha pili cha milimita ambazo springi inabonyea gari likisimama. Kwa 5K mbele nilipata 1.8 kwa sekunde. Kwa 4K nyuma, inayokaa milimita 66, nikapata 1.9. Gari la kawaida la familia huwa kati ya 1 na 1.5, na gari la mbio huanzia 2 kwenda juu. Nikaagiza 5K na 4K. Muuzaji alinisihi nichukue 8K na 6K kwa kuwa ndizo "za michezo". Kwa hesabu ileile hizo zingenipa 2.3 na karibu 2.4, ambao ni mdundo wa gari la uwanja wa mbio, mahali ambapo hakuna rasta kila kijiji kuanzia Chalinze.

Kumbuka pia mzigo. Abiria wawili nyuma na mabegi ya likizo huongeza kwa urahisi kilo 150 juu ya ekseli ya nyuma, yaani 75 kila upande. Kwenye 4K nyuma inashuka milimita 19. Ukiwa umeshaliweka gari chini kabisa likiwa tupu, hizo milimita 19 zinatoka kwenye nafasi ya kupanda iliyobaki, na utakuwa unaendesha juu ya kile kiraba cha kikomo kilichovishwa kwenye shafti ya shokapu. Kiraba hicho ni springi ya dharura, kimetengenezwa kiguswe mwishoni kabisa. Seti ikija bila viraba hivyo, au fundi akivitupa kwa kuwa vimechakaa, mwagize avirudishe vipya kabla gari halijatoka.

Najua wapo wasio na bajeti ya koilova na wanaotaka gari lishuke leo. Dawa ya mtaani ni grainda. Springi ikikatwa mzunguko mmoja kati ya sita inayofanya kazi inakuwa ngumu kwa asilimia 20, lakini gari limeshuka zaidi ya faida hiyo, na ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake. Wengine huipasha moto kwa gesi mpaka ilale. Hapo chuma kimepoteza ugumu kiliopewa kiwandani, kitaendelea kulala, na siku moja kitakatika. Wanaotaka gari lipande nao wana spesa juu ya shokapu, au vile viraba vinavyochomekwa katikati ya mizunguko ya springi. Kiraba kinaua mizunguko kinayoishika, iliyobaki inabeba kazi yote. Spesa haiharibu springi, ila inasukuma gurudumu chini, na sivijointi (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu) zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Ukianza kusikia ka-ka-ka unapokata kona, ndizo hizo. Nikiwa na hela ya kitu kimoja tu, ningenunua shokapu mpya za kiwandani na kuacha springi zake. Gari la miaka kumi na tano likipewa shokapu nzima na bushi mpya linamshangaza mwenyewe.

Kuna kikomo kingine cha kushusha ambacho hakihusiani na matuta. Kwenye MacPherson, mkono wa chini, ule mafundi wengi huita wishiboni, ukitoka kiwandani hulala karibu sawa na ardhi au huinamia kidogo upande wa gurudumu. Ukishusha gari kupita kiasi, ncha ya upande wa gurudumu inakuwa juu kuliko ya upande wa bodi. Kitovu ambacho bodi inayumbia nacho kinashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka, umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kulala kwenye kona. Juu ya hayo, gurudumu la nje linaanza kuegemea nje wakati unalihitaji liegemee ndani. Gari limekuwa chini na linashika barabara vibaya kuliko mwanzo. Chuchumaa mbele ya gari uangalie mkono huo: ukiona unapanda kuelekea kwenye tairi, pandisha gari. Yangu nimeishusha milimita 20 tu, na sioni sababu ya kwenda zaidi.

Angalia magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yaliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha. Dereva Shekhar Mehta aliyashinda mara tano. Hakuna gari la ushindi pale lililoinama kulamba vumbi. Yanasimama juu, gurudumu linashuka mbali, na shokapu ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Hiyo shokapu basi. Ile kasi ya chini na kasi ya juu inayosemwa kwenye koilova ni kasi ya pistoni ndani ya mafuta. Mwendo wa gari hauhusiki. Unapokata kona au kushika breki, pistoni inatembea polepole. Unapopita kwenye rasta, inakimbia. Kitasa cha seti nyingi za bei ya kati kinagusa zaidi ule mwendo wa polepole, na mara nyingi kinabadilisha kwa pamoja nguvu ya kubonyea na ya kurudi. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi madogo madogo, kitasa kilichokazwa mno hufanya gurudumu lichelewe kurudi chini. Wimbi linalofuata linalikuta bado liko juu, linabonyea tena, na taratibu gari zima linajivuta chini mpaka linatembea juu ya viraba. Dereva anahisi ugumu, anadhani springi ni ngumu, kumbe dawa ni kulegeza kitasa. Kitasa kikiwa kimelegezwa mno, gari linaendelea kucheza baada ya tuta. Anzia upande wa ulegevu kabisa, ukikaza hatua mojamoja kwenye kipande kilekile cha barabara, mpaka bodi ikae baada ya mdundo mmoja. Acha hapo.

Kuhusu umbo la ndani, kuna shokapu za mtungi mmoja na za mitungi miwili. Ya mtungi mmoja yenye gesi ya naitrojeni ilibuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na Bilstein ya Ujerumani ikaifanya bidhaa ya magari katika miaka ya 1950. Mafuta yake yanagusa ukuta unaopigwa na upepo, kwa hiyo hupoa vizuri na hayatoi povu upesi kwenye safari ndefu ya barabara mbovu. Udhaifu wake ni kwamba pistoni inatembea kwenye ukuta huohuo wa nje, na jiwe likiubonyeza, shokapu imekwisha. Ya mitungi miwili huvumilia jiwe. Kwa anayeshinda mjini na kwenye lami naona ya mtungi mmoja inafaa. Anayeingia mashambani kila wiki akae na mitungi miwili bila kuona haya.

Koilova za mtumba kutoka Japani zipo Gerezani Dar na Kirinyaga Road Nairobi, na nyingine ni nzuri kweli. Futa shafti kwa kitambaa utafute mafuta na mikwaruzo. Kama springi imetolewa, ibonyeze shafti mpaka mwisho: ya gesi itarudi yenyewe taratibu bila kukwama, na ikiwa na sehemu inayoteleza bila ukinzani, irudishe mezani. Jaribu ringi zote kama zinazunguka. Ringi ya alumini ikishashikana na mwili wa chuma kwa kutu, umenunua koilova isiyorekebishika.

Siku ya kufunga, kazi ya kwanza ni futi kamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, kabla ya jeki kugusa gari. Fenda za gari la mtumba huenda zimeshanyooshwa, kwa hiyo nilipima pia kutoka ardhini hadi kwenye bolti ya ndani ya wishiboni. Kwenye Impreza bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu ya mbele ndiyo inayorekebisha kemba, yaani gurudumu linavyoegemea ndani au nje. Weka alama ya rangi mahali ilipokaa. Fungua kishikio cha hosi ya breki na waya wa ABS kabla ya kuvuta chochote, na usiache kitovu cha gurudumu kining'inie kwenye hosi. Kama vikombe vya juu vinahamishwa kutoka kwenye shokapu za zamani, springi ibanwe kwa kibanio kizima pande mbili kabla ya nati ya katikati kuguswa. Springi iliyobanwa ikiachia inaua. Nati ile usiifunge kwa mashine ya upepo, maana shafti inazunguka ndani na kukata sili.

Kisha bushi, ambazo ndizo nilizokuja kuzisemea zaidi. Bushi ya mpira ya mkono wa chini imegandishwa kwenye bomba lake la ndani na la nje. Haizungukii bolti, inajinyonga. Fundi akiikaza huku gari liko kwenye jeki na gurudumu linaning'inia, bushi inashika pale kama mahali pake pa kupumzika. Gari likishuka chini, mpira unabaki umenyongwa siku zote, unapasuka ndani ya miezi, na mwenye gari anaambiwa koilova zinakula bushi. Bolti hizo ziachwe zimeshikishwa tu kwa mkono, gari lishushwe likae kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji au kwenye mbao, litikiswe, ndipo zikazwe kwa spana ya kipimo. Nilikubaliana hivyo na fundi wangu kabla hatujaanza, nikasimama pale mpaka ikafanyika. Mwombe na wako, kwa heshima, na uwe tayari kulipia muda wake wa ziada.

Urefu wa uzi uanze sawa kushoto na kulia, halafu urekebishe kwa vipimo ulivyoandika. Usiipandishe koilova moja peke yake kutafuta usawa wa fenda: gari litakuwa kama meza yenye mguu mmoja mfupi, uzito ukielemea kona mbili za mshazari, na litavuta upande ukishika breki. Hakikisha kidole kinapita kati ya tairi na kikombe cha springi, na ugeuze usukani mpaka mwisho pande zote mbili kabla ya kutoka gereji. Endesha siku chache springi zilale, kaza tena, kisha alaimenti. Kila badiliko la urefu hugeuza kemba na tou (magurudumu yanavyoelekeana kwa mbele), na tairi jipya linaweza kuisha upande wa ndani kabla hujagundua. Kwa sisi wa pwani, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye uzi wote tangu siku ya kwanza, osha chumvi na vumbi, na uzungushe ringi kidogo kila unapofanya sevisi. Taa za mbele nazo zirekebishwe upya, kwa sababu gari likishuka mbele kuliko nyuma mwanga unaishia hatua chache mbele ya bampa, na likishuka nyuma kuliko mbele unawapofusha wanaokuja upande wa pili.